Pipa Lililozikwa Juu ya Chemchemi

Kila asubuhi Mukagasana alikamua ng'ombe wake kabla ukungu haujaondoka kwenye kilima. Alikuwa na ng'ombe watatu. Zamani, yeye na mume wake Rukara walikuwa na kumi na mmoja. Vita vilipofika kijijini kwao Kingi walikimbia na ng'ombe wote. Baada ya mwaka mmoja na nusu walirudi na watatu tu: Gaju, Bihogo na Sine.

Nyumba yao haikuwa na mabati tena. Mlango haukuwepo. Sufuria hazikuwepo. Lakini nyasi zilikuwa ndefu, na chini ya malisho chemchemi ilikuwa bado inatoa maji.

"Tuko na majani, tuko na maji," Rukara alisema siku ile waliporudi. "Ingine itakuja."

Walifunika nyumba kwa shitingi, turubai la plastiki waliloitoa kambini walikokimbilia, wakaanza upya. Mukagasana alikamua. Binti yao Isimbi alichota maji. Rukara alitengeneza uzio. Maziwa walimpelekea Dancille, mama jirani aliyetengeneza fromaji, jibini lile la mviringo ambalo watu wa Goma hulipenda. Dancille hakuwa na mashine ya kupima maziwa. Alikuwa na pua yake. Alifungua kila bidoni, dumu la maziwa, akainama, akanusa, halafu akamimina.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, Dancille alifungua bidoni ya Mukagasana, akanusa mara moja. Akanusa mara ya pili. Hakumimina.

"Mama Isimbi, ulibebea mazutu mu hii bidoni?"

"Mazutu? Mi natoa wapi mazutu, dada? Hata taa sina."

"Maziwa yako iko nanuka mazutu."

"Pengine ni nguo ya mutu mwenye alipita hapa."

"Hapana. Weka pua yako hapa."

Mukagasana alinusa. Ilikuwa harufu ya dizeli, harufu ya barabara, harufu ya lori lililolala. Dancille alifunga bidoni taratibu, akamrudishia.

"Usinikasirikie. Nikichanganya hii na ya wengine, fromaji yote inaharibika. Osha bidoni vizuri. Kesho nitaangalia tena."

Mukagasana aliosha bidoni mara tatu kwa maji ya chemchemi. Kesho yake Dancille alikataa tena.

Hapo Mukagasana alishuka mwenyewe mpaka kwenye chemchemi. Alichuchumaa, akatazama. Juu ya maji kulikuwa na ngozi nyembamba yenye rangi nyingi, nyekundu, buluu na manjano, kama ile inayoonekana barabarani baada ya gari kupita kwenye dimbwi. Alipeleka mkono. Ngozi iligawanyika, kisha ikajikusanya tena. Gaju, ng'ombe mkubwa mwenye rangi ya kahawia, alikuwa amesimama nyuma yake. Alinusa maji, akapuliza puani, akageuka. Bihogo na Sine walikunywa kidogo. Ndama wa Gaju, ambaye hakuwa bado na akili ya kuchagua, alikunywa sana.

Jioni alimweleza mumewe.

"Chemusha maji," Rukara alisema. Hakumtazama.

"Nimechemusha. Harufu inakuwa kali zaidi."

"Basi chemusha tena."

Kwa siku tatu Rukara hakusema kitu kingine. Alikuwa mtu wa utani, lakini siku zile alikula bila kuinua kichwa. Siku ya nne ndama wa Gaju alianza kukohoa. Alikohoa asubuhi nzima, ulimi nje, na mama yake akamlamba shingo. Mchana alilala chini, na hakuinuka tena.

Rukara alikaa karibu na ndama aliyekufa. Ndipo alipofungua kinywa.

"Mama Isimbi, mi njo nimemuua."

"Unasema nini?"

"Pipa ya Straton."

Straton alikuwa jirani mwenye mashine ya kusaga mahindi. Siku zile za kukimbia, kila mtu wa Kingi alificha kitu ardhini. Wengine walizika sufuria, wengine sahani, wengine mbegu za maharagwe. Straton alikuwa na pipa zima la mazutu ya mashine yake. Aliogopa kwamba wenye bunduki wangelichukua. Alimwomba Rukara walizike kwenye malisho ya ng'ombe, kwa sababu pale ng'ombe wangekanyaga na kunya, na alama ya kuchimba ingepotea. Walizika usiku mmoja kwa haraka, juu kidogo ya chemchemi, mahali udongo ulipokuwa laini. Hata waliporudi Straton hakulifukua, kwa kuwa bado aliogopa.

"Ulijua?" Mukagasana aliuliza. "Siku tatu ulijua, na mutoto yako anakunywa?"

"Nilikuwa naogopa."

Mukagasana alichukua jembe akampa.

Walichimba. Pipa lilikuwa pale pale. Upande wake wa chini ulikuwa umeliwa na kutu, na tundu lilitosha kupitisha mkono. Ndani hapakuwa na kitu. Udongo wote kuzunguka pipa ulikuwa mweusi, wenye mafuta. Lita mia mbili zilikuwa zimeshuka ardhini kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, tone kwa tone, na mvua ilikuwa inazisukuma kuelekea kwenye maji.

Straton alikuja mbio. Alilitazama pipa, akashika kichwa.

"Mazutu yangu yote!"

"Mazutu yako?" Mukagasana alisema. "Na maji yangu? Na ndama?"

"Mama, mi nilizika pipa nzima. Haikuwa na tundu."

"Chuma ndani ya udongo wa mvua, ulifikiri itabaki mupya kama sahani ya harusi?"

Straton akasema, "Tuwashe moto. Moto inamaliza mazutu."

Waliwasha moto kwenye shimo. Moshi mweusi ulipanda juu ya kilima, watu wakatoka majumbani wakidhani vita vimerudi. Mama mmoja alikuwa tayari amefunga godoro lake kichwani. Moto ulipozimika, nyasi zilikuwa zimeungua, na udongo wa chini ulikuwa unanuka vilevile. Straton akaleta pakiti mbili za sabuni ya unga, wakamwaga kwenye chemchemi. Povu lilipanda mpaka magotini. Povu lilipoondoka, ngozi ya rangi nyingi ilikuwa imerudi. Na siku ile hata Bihogo na Sine walikataa kunywa.

Sasa maji ya karibu yalikuwa ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Ng'ombe walichoka. Maziwa yalipungua. Isimbi aliacha kwenda shule siku za maji, na siku za maji zilikuwa karibu zote.

"Tuuze ng'ombe," Rukara alisema. "Tushuke Bweremana kwa muyomba wangu. Kule ziwa haikauki."

"Utafanya nini Bweremana? Utavua sambaza? Wewe mwenye unaogopa kuvuka hata kamuto?"

Rukara hakucheka. Mukagasana naye hakucheka. Zamani wangecheka.

*

Dancille ndiye aliyekwenda kituo cha afya kusema habari ya chemchemi. Baada ya wiki mbili alikuja msichana mmoja, Valérie, aliyefanya kazi ya maji na usafi katika vijiji. Alikuwa na buti zilizojaa matope na begi dogo mgongoni. Alisema kwa sauti ndogo, watu wakalazimika kusogea karibu.

"Huyu mutoto njo atatengeneza maji?" Straton alimnong'oneza Rukara. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya Valérie.

Valérie alisikia. Alishuka kwenye shimo, akachukua udongo kwa mkono uliovaa mfuko wa plastiki, akanusa. Akatia udongo kidogo katika chupa ya maji, akafunga, akatikisa, akaiweka juu ya jiwe. Wote walingoja. Udongo ulishuka chini. Juu ya maji kukabaki ngozi nene ya mafuta.

"Kwanza, musikunywe hii maji," alisema. "Hata mukichemusha. Moto inaua mikrobe ya kuharisha. Mazutu si mikrobe. Moto haiiondoe."

Mukagasana aliinamisha kichwa. Alikuwa amemchemshia Isimbi maji yale siku nne.

"Pili, musiwashe moto tena, na musitie sabuni. Na musichimbe udongo muende kuutupa chini kwa mabonde. Mutampa tu jirani ugonjwa wenu."

"Basi tufanye nini?" Rukara aliuliza. "Serikali italeta mashine?"

"Hakuna mashine itakuja, Papa." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Barabara munaijua. Lakini wafanyakazi wako tayari. Wako ndani ya udongo."

Straton alitazama ndani ya shimo. "Mi sioni mutu."

"Mama Isimbi," Valérie alisema, "unafanya kivuguto?"

"Kila mutu anafanya kivuguto."

"Unafanya namna gani?"

"Natia maziwa mu kibuyu. Kibuyu hatuoshe sana, tunaacha kidogo ya jana. Kesho maziwa imeganda."

"Nani anaigandisha?"

Mukagasana alifikiri. "Ile ya jana."

"Ndani ya ile ya jana kuna vijidudu. Vidogo sana, jicho haivioni. Vinakula maziwa, vinaigeuza kivuguto. Sasa, ndani ya udongo pia kuna vijidudu. Ukishika udongo mukono moja, umeshika vijidudu vingi kuliko watu wote wa Kivu. Kila kimoja na chakula yake. Kuna vyenye vinakula majani ya kuoza. Kuna vyenye vinakula mavi. Na kuna vyenye vinakula mazutu."

"Vinakula mazutu?" Straton alisema. "Basi vilikula yangu bila kunilipa."

"Vimeanza, Papa. Lakini vinakula polepole, sababu vinakosa mambo mawili. Vinakosa hewa, na vinakosa mbolea. Mutu akikula ugali tupu kila siku, bila mboga, bila chumvi, atakuwa na nguvu? Mazutu ni ugali tupu. Mboga iko kwa mavi ya ng'ombe na mikojo yake."

"Na chemchemi?"

"Kwa maji, hewa tu. Musitie mavi karibu na maji hata kidogo, mutaleta ugonjwa ingine. Tutashusha mianzi ndani ya udongo, kati ya shimo na chemchemi, mpaka kwenye maji ya chini. Tutapulizia hewa. Vijidudu vya mule ndani vitapumua, vitakula."

"Siku ngapi?" Rukara aliuliza.

Valérie alitazama buti zake. "Huku juu kuna baridi. Vijidudu vinapenda joto. Mwaka moja, Papa. Pengine inapita mwaka."

Rukara aliondoka bila kuaga.

*

Kazi waliianza hata hivyo. Kwanza walitoa pipa. Mafuta yaliyokuwa yanaelea juu ya maji chini ya shimo waliyachota kwa kopo, wakayatia katika bidoni, Straton akayabeba kwenda nayo. Juu ya shimo walichimba mfereji, ili maji ya mvua yapite kando, yasiendelee kusukuma mazutu chini. Walijenga kibanda cha nyasi juu ya shimo kwa sababu hiyohiyo.

Udongo mweusi waliuacha palepale. Waliuchimbua, wakauvunja, wakachanganya na samadi kavu, mikojo ya ng'ombe na majani makavu yaliyokatwakatwa. Kila baada ya siku nne Mukagasana aliugeuza kwa jembe ili hewa iingie. Ukikauka, aliunyunyizia maji. Valérie alikuwa amemwonyesha kipimo: ukikamata udongo mkononi na kukaza, ushikamane, lakini usitoe maji.

Kwa kupulizia hewa, waliazima mivukuto ya mzee Kanyamibwa, aliyekuwa mhunzi wa majembe.

"Nimepulizia chuma miaka makumi ine," mzee alisema akiwakabidhi. "Leo munaniomba nipulizie matope. Kweli dunia imechoka."

Mianzi ilikuwa mitano. Walikuwa wametoboa matundu madogo upande wa chini. Kila asubuhi baada ya kukamua, na kila jioni, Mukagasana alifunga mdomo wa mivukuto kwenye mwanzi wa kwanza, akapuliza mpaka mikono ikauma. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Watu waliokwenda shambani walisimama njiani.

"Mama Isimbi, udongo umezimia?"

"Eeh. Nauamusha."

"Ukiamuka, uuulize vita inaisha lini."

Mara moja kwa mwezi Valérie alikuja. Alichota maji kwenye mwanzi wa mwisho, ule wa karibu na chemchemi, akayatia katika chupa na kuifunga. Mukagasana alipanga chupa zile ukutani. Mwezi wa kwanza ngozi ilikuwa nene. Mwezi wa pili ilikuwa nene. Mwezi wa tatu, kama mtu alitazama kwa makini sana, ilikuwa imepungua kidogo.

"Hii njo kupungua?" Rukara alisema. Alishika chupa ya tatu juu ya mwanga. "Miezi tatu, njo hii?"

"Njo hii, Papa," Valérie alisema.

"Ng'ombe zitakufa mbele hii ngozi haijaisha."

Hakusema uongo. Gaju alikuwa amekonda, mbavu zake zinahesabika. Alikuwa akienda ng'ambo ya kilima kunywa, na aliporudi alikuwa na kiu tena.

Rukara hakulala vizuri. Alikuwa anawaza juu ya vile vijidudu. Msichana alisema ni ndugu wa vile vya kivuguto. Vinakosa nguvu. Kwa Rukara, mtu aliyezaliwa kati ya ng'ombe, jibu lilikuwa wazi. Mgonjwa anapewa maziwa. Mwanamke aliyejifungua anapewa maziwa. Mgeni aliyechoka anapewa maziwa. Mwenyewe hakuwa na maziwa ya kutosha, lakini kwa Dancille kila siku kulikuwa na maji yanayobaki baada ya fromaji kushikana, meupe kidogo, yenye utamu. Dancille aliyamwaga.

Mke wake alipokwenda ng'ambo na ng'ombe, Rukara alibeba maji yale. Alimwaga bidoni mbili katika shimo. Alimwaga bidoni moja katika kila mwanzi. Kesho yake alifanya tena. Alifanya hivyo wiki mbili, kwa moyo mzuri, na hakumwambia mtu, kwa sababu alitaka siku moja ashike chupa safi na kusema: mi njo nimefanya.

Wiki ya tatu shimo lilianza kutoa harufu ya mayai yaliyooza. Udongo ulizidi kuwa mweusi na kuteleza. Kwenye chemchemi kulitokea kamasi nyeupe juu ya mawe. Inzi walijaa kibandani.

Valérie alipofika alisimama mbali akafunika pua. Alichota chupa ya mwezi wa nne. Ngozi ilikuwa nene kama ya mwezi wa kwanza.

"Mulitia nini?" aliuliza.

Mukagasana alimtazama mumewe. Alimwona anavyotazama chini, vilevile kama siku zile tatu.

"Papa Isimbi. Ulitia nini?"

"Maji ya fromaji," Rukara alisema. "Nilisikia viko na njaa. Nikavipa."

Valérie alikaa juu ya jiwe. "Papa, ulivipa chakula tamu. Kama kuna nyama kwa sahani, nani atakula ugali mukavu? Vimekula maziwa, vimeacha mazutu. Na vikikula sana, vinavuta hewa sana. Hewa yote imeisha. Vyenye vinakula mazutu vimekufa ao vimelala. Vimebaki vile vinavyopenda kukosa hewa, njo vinanuka hivi."

"Nilitaka kusaidia."

"Najua, Papa."

"Kila kitu nafanya hapa kinaharibika."

Macho ya Valérie yalijaa machozi, akageuka kuyapangusa kwa mkono wa shati.

"Tunaanza upya," alisema mwisho. "Udongo iko naweza kuanza upya. Vyenye vilibaki vitazaana, tukivipa hewa. Lakini ile miezi ine imepotea."

Wiki ile Rukara alimchukua Gaju kwenda soko la ng'ombe. Mukagasana alimfuata mpaka barabarani, akamkwangua tope shingoni kwa mkono, kama Gaju alivyomlamba ndama wake shingo. Gaju alikwenda bila kusumbua. Rukara aliporudi alisema anashuka Bweremana kutafuta kazi.

"Twende wote," alisema.

"Mi nabaki."

"Utabaki na nini? Na matope yenye kunuka?"

"Tukiacha chemchemi hivi, mwenye atakuja nyuma yetu atakunywa. Hatajua. Sisi tunajua. Tena nimechoka kukimbia, Papa Isimbi. Mbele nilikimbia bunduki. Sasa nikimbie pipa?"

Rukara alikwenda. Mukagasana alibaki na Isimbi, na Bihogo, na Sine.

*

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Alitoa udongo uliooza shimoni, akautandaza pembeni chini ya kibanda mpaka harufu ikapungua, akaurudisha na samadi kidogo na majani makavu. Alipuliza. Siku nyingine mvua ilinyesha tangu asubuhi, akapuliza akiwa amejifunika shitingi. Siku nyingine milio ya bunduki ilisikika kutoka upande wa Kalembe, na watu walipita na magodoro. Siku hizo alipuliza haraka, mwanzi mmoja mmoja, vitu vyake vikiwa vimefungwa tayari mlangoni. Mara mbili alitaka kuacha. Mara ya pili alikuwa amekwisha kuibeba mivukuto kuirudisha. Njiani alimkuta Straton.

"Leta," Straton alisema. Hakumtazama usoni. "Asubuhi utapulizia wewe. Jioni nitapulizia mimi. Pipa ilikuwa yangu."

Tangu siku ile Straton alikuja kila jioni. Hakufanya utani tena. Mazutu mapya ya mashine yake aliyaweka mbali na maji, pipa likiwa juu ya mbao, ndani ya karo ya saruji, mahali ambapo kila mtu angeona kama linavuja. Watu walimwambia yataibiwa.

"Wakiiba, wataniibia mimi mwenyewe," alisema. "Hawataibia chemchemi."

Chupa ziliongezeka ukutani. Ya saba, ya nane. Ya kumi ilikuwa na ngozi nyembamba, iliyokatikakatika. Kwenye shimo udongo ulirudisha rangi yake ya kahawia, na siku moja Mukagasana aliona mnyoo. Aliuweka kiganjani, akautazama unavyojikunja, kisha akaurudisha na kuufunika. Ya kumi na nne ilikuwa na vidoa vichache. Ya kumi na saba, Valérie aliitikisa, akaiweka juu ya jiwe, wakangoja. Udongo ulishuka. Juu ya maji hapakuwa na kitu.

"Jicho haitoshi," Valérie alisema haraka, kama mtu anayeogopa kufurahi. Alijaza chupa nyingine mbili, akazipeleka maabara ya Goma.

Karatasi ilichukua wiki tano kufika. Rukara alifika kabla yake. Mtu alikuwa amempa habari. Alisimama penye uzio na mfuko mmoja wa sambaza kavu, hakuingia mpaka mke wake aliposema, "Ingia basi. Mulango bado hakuna."

Valérie alisoma karatasi mara mbili. "Ng'ombe wanaweza kunywa," alisema. "Watu bado. Kidogo sana imebaki, lakini kwa watu bado. Tutapima tena miezi sita."

Walishuka wote: Mukagasana, Rukara, Isimbi, Straton na Valérie. Bihogo alitangulia. Alifika kwenye maji, akainamisha kichwa, akanusa. Akakiinua. Aliwatazama watu mmoja mmoja, kama anayewauliza. Mukagasana alikumbuka Gaju alivyopuliza puani na kugeuka. Alishika mkono wa Isimbi kwa nguvu.

Bihogo aliinama tena. Alikunywa. Walisikia maji yakishuka kooni mwake, mafunda makubwa, moja baada ya jingine. Sine akaja kando yake. Walibaki na nafasi katikati yao, pana, ya ng'ombe mmoja.

Wiki mbili baadaye Dancille alifungua bidoni ya Mukagasana. Aliinama akanusa. Akanusa tena, muda mrefu, macho yamefungwa. Alimimina maziwa pamoja na ya wengine.

Mukagasana alirudi nyumbani na bidoni tupu. Rukara alikuwa anakata mti wa mlango. Alimwona mke wake anapita nyumba bila kusimama, anachukua mivukuto.

"Unaenda wapi?"

"Kupulizia."

"Lakini ng'ombe zimekunywa."

"Ng'ombe zimekunywa," alisema. "Sisi bado."

Rukara aliweka panga chini. Alimfuata mpaka kwenye mwanzi wa kwanza, akachukua mivukuto mikononi mwake, akauliza, "Niambie namna gani. Pole pole ao kwa nguvu?"

"Pole pole," Mukagasana alisema. "Na usitie kitu ingine."